Mabonge Mawili ya Udongo

Kwa siku tatu sasa pana glasi mbili za maji juu ya meza yangu ya kuandikia. Ndani ya kila glasi nilining'iniza kipande cha wavu wa dirisha, na juu ya kila wavu nikaweka bonge la udongo mkavu lenye ukubwa wa yai la njiwa. Mabonge yote mawili yalichimbwa katika uwanja mmoja, asubuhi moja, kwa mwiko mmoja, na kati ya shimo la kwanza na la pili hapafiki hatua kumi na mbili. Bonge la kwanza halikumaliza dakika mbili: lilitoa viputo vya hewa, likapasuka upande wa chini, likaanza kumwagika kupitia matundu ya wavu kama moshi unaoshuka badala ya kupanda, na nilipoinua macho kutazama saa lilikuwa limekwisha, maji yote yamegeuka tope. Bonge la pili liko pale pale ninapoandika maneno haya. Limelowa na kukolea weusi, lakini kingo zake hazijabadilika, na maji yanayolizunguka ni maangavu kiasi kwamba naweza kusoma maandishi yaliyo upande wa pili wa glasi.

Jaribio hili sikulibuni mimi. Wataalamu wa udongo hulitumia mara kwa mara, tena bila kuhitaji maabara, kwa sababu linajibu swali ambalo mvua huuliza kila inaponyesha: je, udongo huu utashikamana au utakwenda na maji? Kilichonishtua ni kwamba jibu la bonge la kwanza nililiandaa kwa mikono yangu mwenyewe. Mahali lilikotoka ndipo mahali nilipojivunia. Kwa miaka mingi nilipafagia kila asubuhi, nikakusanya majani yaliyodondoka, nikayachoma, nikaridhika kuona ardhi tupu yenye mistari ya ufagio. Mvua iliponyesha, maji yalisimama juu kwa muda, kisha yakatafuta njia ya kuondoka yakiwa na rangi ya kutu, nami sikujiuliza rangi hiyo imetoka wapi. Pembe ya pili, iliyo nyuma ya mti, niliiacha si kwa hekima bali kwa uvivu, maana ufagio hauingii vizuri kati ya mizizi. Majani yakalala pale, mengine juu ya mengine, mwaka baada ya mwaka.

Udongo wa sehemu hizo mbili una asili moja ya mwamba. Nilihakikisha hilo kwa kutia kiasi cha kila mmoja katika chupa ndefu yenye maji, kuitikisa kwa nguvu na kuiacha itulie. Mchanga ulishuka katika dakika ya kwanza, chembe laini kama unga zikafuata kwa saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi ukaendelea kuelea hadi siku ya pili. Matabaka ya chupa zote mbili yalikaribia kulingana. Basi tofauti haimo katika kile kilichosagika kutoka kwenye mwamba, imo katika kile kilichoishi. Mizizi hutoa utomvu, bakteria hutoa ute, na kuvu hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele ambazo hufunga chembe kwa chembe hadi zikawa vibonge vidogo vyenye vyumba na njia kati yake. Maji yakiingia humo hupata mahali pa kukaa. Yakiingia katika udongo usio na gundi hiyo, hewa iliyobanwa ndani hutafuta pa kutokea na kulipasua bonge, kisha chembe laini huziba matundu yote ya juu, kiasi kwamba mvua inayofuata hukuta sakafu. Nilikuwa nimejijengea sakafu bila mfuko hata mmoja wa saruji.

Tangu nilipoyaona hayo nimekuwa nikiifikiria ile picha maarufu ya dunia iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, mpira wa buluu wenye mawingu meupe ukielea peke yake gizani. Picha hiyo imetufaa sana, na sina nia ya kuibeza. Hata hivyo nadhani imetuzoesha kuipenda sayari kwa mbali. Tunapotamka neno mazingira, akilini hutujia barafu ya ncha za dunia, nyangumi, misitu mikubwa ambayo wengi wetu hatutaikanyaga kamwe. Vyote vinastahili huruma yetu, lakini vyote viko mbali na nyayo zetu. Udongo hauonekani katika picha ile kama kitu chenye uhai. Kipenyo cha dunia ni kilomita 12,742 hivi. Tukiipunguza iwe mpira wenye kipenyo cha mita moja, udongo wenye kina cha mita moja utakuwa utando ambao unywele mmoja wa kichwani unauzidi unene kwa mamia ya mara. Karibu kila kiumbe wa nchi kavu, pamoja na mimi ninayeandika na wewe unayesoma, ananing'inia kwenye utando huo.

Lugha yetu nayo inatusaliti kidogo hapa. Dunia kwetu ni sayari, na papo hapo ni mambo ya walimwengu; ardhi ni kitu cha kupimwa, kugombaniwa na kuandikiwa hati; udongo ndio unaobaki kuwa kitu cha kufutwa viatuni. Lakini lugha hiyo hiyo inayo methali isemayo udongo uwahi ungali maji. Siku hizi tunaielekeza kwenye malezi ya watoto, tukisahau kwamba kabla ya kuwa neno la walezi ilikuwa kweli ya mfinyanzi, mtu aliyejua kwa vidole vyake kwamba udongo una wakati wake wa kukubali na wakati wake wa kukataa.

Aliyenifundisha kuinama ni Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza, na si kwa ile nadharia ya mageuzi ya viumbe inayomfanya agombaniwe hadi leo. Mwaka 1837, akiwa kijana aliyerejea si muda mrefu kutoka katika safari ya kuizunguka dunia, alionyeshwa na mjomba wake malisho ambako chokaa na masalia ya makaa yaliyokuwa yametawanywa juu ya nyasi miaka ya nyuma sasa yalipatikana chini ya ardhi, yamejipanga katika tabaka moja. Mjomba alihisi kwamba kazi hiyo ilifanywa na nyungunyungu. Darwin aliwasilisha hoja hiyo mbele ya Jumuiya ya Jiolojia ya London mwaka huo huo, kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu hatuna subira nalo. Desemba 1842 alitawanya vipande vya chaki juu ya shamba lililo karibu na nyumba yake, akaviacha. Mwishoni mwa 1871, miaka 29 baadaye, alichimba mtaro katika shamba lile na kukuta mstari mweupe pande zote mbili za mtaro, inchi 7 chini ya nyasi, yaani sentimita 18 hivi. Hakuna mtu aliyeifukia chaki ile. Nyungunyungu walikuwa wameumeza udongo wa chini na kuuacha juu kwa njia ya kinyesi, punje kwa punje, usiku baada ya usiku, hadi uso wa shamba ukapanda na chaki ikabaki chini.

Kuna sehemu ya habari hiyo inayonichekesha kila ninapoikumbuka. Akitaka kujua kama nyungunyungu wanasikia, Darwin, mzee mwenye ndevu nyeupe na jina lililofika pembe zote za dunia, aliwapigia filimbi na kuwapigia kelele, na mwanawe Francis akawapulizia basuni, ile zumari ndefu yenye sauti nzito. Hawakujali. Lakini vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano na kitufe kimoja kikabonyezwa, walikimbilia mashimoni, kwa kuwa mtetemo uliwafikia kupitia udongo wenyewe. Kitabu chake cha mwisho, kilichotoka Oktoba 1881, kilihusu viumbe hao. Alifariki Aprili iliyofuata. Mtu aliyekwisha kubadilisha namna tunavyojielewa angeweza kumaliza siku zake akipokea heshima kitini. Yeye alizimaliza akipima uzito wa kinyesi cha nyungunyungu, na sioni kama alishuka ngazi.

Nyungunyungu, hata hivyo, ni majitu kwa kulinganishwa na wakazi wengine. Ile harufu inayopanda matone ya kwanza yanapogusa ardhi kavu, ambayo mtu yeyote aliyewahi kungoja mvua anaijua, ilipewa jina la petrikori mwaka 1964 na watafiti wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas. Sehemu yake ya udongo hasa hutokana na kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa zaidi na bakteria wa jamii ya Streptomyces, na pua ya binadamu huinasa hata inapokuwa sehemu chache tu katika trilioni. Kutoka katika jamii hiyo hiyo ya bakteria, mwaka 1943, Albert Schatz, mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi katika chumba cha chini ya ardhi chini ya usimamizi wa Selman Waksman nchini Marekani, alipata streptomaisini, antibayotiki ya kwanza kufaa kutibu kifua kikuu. Ilimbidi Schatz aende mahakamani mwaka 1950 ili atambuliwe kuwa mgunduzi mwenza, na hata baada ya hapo Tuzo ya Nobel ya 1952 ilikwenda kwa Waksman peke yake, jambo ambalo bado linanikera ingawa halinihusu. Miongo kadhaa baadaye Satoshi Ōmura alipata katika udongo wa Japani bakteria mwingine wa jamii hiyo, ambaye kutoka kwake ilipatikana dawa iliyokuja kutengenezwa kuwa ivermektini, inayotumika dhidi ya ugonjwa wa upofu wa mtoni. Kwa hiyo mtu anayesimama mlangoni na kuvuta pumzi ndefu mvua inapoanza anavuta alama ya viumbe ambao ndugu zao wamewaponya watu wasiohesabika. Nami nilikuwa nikichoma chakula chao kila asubuhi, nikikiita takataka.

Pingamizi ninalijua, kwa sababu nimekuwa nikilitumia mwenyewe: udongo ukichoka, si mbolea ipo? Ipo, na sitajiunga na wanaoidharau wakiwa wameshiba. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mimea mingi haiwezi kuichukua moja kwa moja. Ilikuwa lazima isubiri bakteria, wakiwemo wale wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, au radi, au samadi. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kuifunga naitrojeni ya hewa kwa haidrojeni na kupata amonia, Carl Bosch akalifanya jambo hilo liwezekane kiwandani, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi huko Oppau, Ujerumani. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu waliopo leo wanalishwa na mazao yaliyokuzwa kwa njia hiyo. Kosa sioni kwamba liko katika mbolea. Liko katika wazo lililoingia mlango mmoja nayo, kwamba udongo ni chombo tu cha kusimamisha mmea wakati sisi tunaulisha kutoka kwenye mfuko. Mbolea hulisha mmea, lakini haigandishi bonge. Ungeweza kuimwaga naitrojeni yote ya Oppau juu ya ule uwanja wangu uliofagiwa, na mvua ya kwanza ingeipeleka mtoni pamoja na udongo wenyewe, ambako ingerutubisha mwani badala ya kile kilichokusudiwa.

Udongo ukikosa kushikwa, na mvua isipokuja kuuchukua, upepo huja. Katika nyanda za kati za Marekani, nyasi za asili zenye mizizi mirefu zilikuwa zimeufunga udongo kwa maelfu ya miaka. Zikageuzwa kwa plau katika kipindi cha kizazi kimoja au viwili, kisha ukame wa miaka ya 1930 ukafika. Mei 1934 vumbi la nyanda hizo lilianguka New York na Washington, na hata juu ya meli zilizokuwa katika bahari ya Atlantiki. Tarehe 14 Aprili 1935, siku iliyobaki na jina la Jumapili Nyeusi, ukuta wa vumbi ulifunika majimbo kiasi cha kuugeuza mchana kuwa usiku. Siku 13 baadaye sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa saini. Sentimita moja ya udongo huchukua mamia ya miaka kutengenezwa, na ilikuwa lazima iingie katika mapafu ya walio mbali kabisa na mashamba ndipo iandikiwe sheria. Siwacheki; mimi nilingoja hadi glasi ya maji iniambie.

Lakini nisimsingizie upepo. Katika bonde la Bodélé nchini Chad, mahali palipokuwa sakafu ya ziwa kubwa la kale, upepo huinua vumbi lenye mabaki ya viumbe wadogo mno wa majini, likavuka jangwa, likavuka Atlantiki, na sehemu yake ikatua juu ya msitu wa Amazon. Vumbi hilo na mengine ya Sahara hubeba fosforasi, kirutubisho ambacho mvua nyingi za msitu ule hukiosha bila kukoma. Makadirio yaliyotokana na vipimo vya setilaiti ya NASA vya kati ya 2007 na 2013 ni kwamba tani zipatazo 22,000 za fosforasi hufika kule kila mwaka, kiasi kinachokaribia kile ambacho msitu hupoteza kwa mvua na mafuriko. Nimejaribu mara nyingi kulifikiria jambo hili hadi likae sawa kichwani, na bado halikai: mti unaomea katika unyevu usiokatika unalishwa na ziwa lililokauka ng'ambo ya bahari.

Hapa ndipo glasi zangu na ile picha ya 1972 zinapokutana, na ndipo ninapopaswa kuwa mwangalifu nisijipambe. Udongo wa dunia unashikilia kaboni nyingi kuliko angahewa na mimea yote ikijumlishwa pamoja. Ule uliogandishwa kwa baridi huko kaskazini ya mbali peke yake unakadiriwa kuwa na takribani mara mbili ya kaboni iliyomo angani, na unaanza kuyeyuka. Kila udongo unapofunuliwa, ukageuzwa na kuachwa wazi, bakteria hupata oksijeni, hula kilichokuwa kimehifadhiwa, na kukirudisha angani kikiwa hewa ya ukaa. Mtu aliyesoma hadi hapa anaweza kutarajia niseme kwamba majani yangu yasiyofagiwa yanaipoza sayari. Hayaipozi kwa kiwango chochote kinachoweza kupimwa. Sehemu kubwa ya kaboni ya majani hayo itapanda angani kupitia vinywa vya viumbe wa udongo, polepole zaidi kuliko kwa moto lakini itapanda. Kinachobaki, kikashikamana na udongo wa mfinyanzi na kuwa mboji ya kudumu, ni kidogo. Nimechoka na maandishi yanayomwambia msomaji kwamba akibadilisha tabia moja ameiokoa dunia, kwa sababu yanamwondolea haki ya kuuliza habari za mashamba makubwa, migodi na misitu inayokatwa kwa mashine usiku na mchana. Nilichopata mimi katika pembe ile ni kidogo kuliko wokovu na, kwangu, kina manufaa zaidi: nimejua udongo ulio hai unafananaje mkononi, na nikipita kando ya mto wenye rangi ya kutu siwezi tena kuuita mzuri.

Jana usiku nilitoka nje. Kwa kuwa Darwin aliona kwamba nyungunyungu hawasumbuliwi sana na mwanga mwekundu, nilifunga kitambaa chekundu juu ya tochi, nikavua viatu ili nisiitikise ardhi, nikachuchumaa kando ya mti. Kwa muda mrefu sikuona chochote. Kisha nikasikia mkwaruzo mdogo wa jani kavu likipita juu ya jani kavu, na nilipoelekeza mwanga nikakuta jani moja refu likienda lenyewe, ncha ikitangulia, kwa vipindi: linasogea upana wa kidole, linatulia, linasogea tena. Aliyelivuta sikumwona, ila unyevu uliong'aa kidogo pale jani lilipogusana na tundu. Ncha ikazama, pande mbili za jani zikaanza kujikunja kama karatasi inayoviringishwa, halafu likakwama. Nilijikuta nimebana pumzi. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi nilipokata tamaa na kurudi ndani.

Leo asubuhi kikonyo kilikuwa kimesimama wima juu ya shimo, urefu wa njiti ya kiberiti, na pembeni yake pana kinyesi kibichi, cheusi, kilichojisokota kama uzi uliotupwa. Nimekichukua chote kwa ncha ya kisu na kukianika dirishani. Kitakapokauka nitahitaji glasi ya tatu.